Taa za Rangi Tatu

"Hizo hazikai juu ya kichwa changu."

"Kwani zinakaa kichwani? Zinakaa darini."

"Na dari liko juu ya kichwa cha nani? Tazama zilivyo nyeupe! Taa za wodini hizo. Mtu akijilaza kwenye kochi atadhani anasubiri kutundikiwa dripu."

"Sasa unataka rangi gani? Kijani, tuonekane duka la dawa?"

"Nataka njano. Njano iliyotulia, siyo njano ya bango la barabarani. Na ziwe bapa, zilale sawa na dari. Siyo hiyo iliyotoa jicho kama ngisi."

"Nasma, Masoko nzima kuna taa za aina moja tu, na ndo hizi."

"Basi Masoko hakuna taa. Na hata hivo hiyo haitoshi kwenye tundu. Jaribu uone, usinitolee macho na wewe."

Abilahi akapanda juu ya stuli. Taa aliyoshika ilikuwa moja tu, ya mfano, mwenye duka alimpa kwa sharti kwamba airudishe na boksi lake lisichanike. Akailenga kwenye tundu la karibu na dirisha, akaisukuma. Taa ikapita. Haikugusa hata ukingo. Ilizama yote kama kokoto kisimani, yeye akabaki ameshika hewa, halafu ikasikika ikibingirika huko juu ya jipsamu, ikatulia mahali anapopajua Mungu.

Nasma hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali, maana Abilahi mke akimcheka alijua pa kuanzia. Alimtazama tu pale juu ya stuli, mkono bado umenyooka, kama mtu anayeapishwa.

"Haya," akasema. "Hiyo umeshanunua."

Akaenda zake uani kuanua nguo.

Matundu yalikuwa nane, na Kilwa Masoko hapakuwa na aliyewahi kuingia nyumba ile asiyeyajua. Abilahi alikuwa bodaboda. Siku moja alimshusha mgeni kwenye hoteli kule ufukweni, akachungulia ndani wakati mgeni anatafuta chenji, akaona dari jeupe lisilo na globu hata moja inayoning'inia. Mwanga ulikuwa unatoka kwenye dari lenyewe, kwenye viduara vilivyozama humo kama sahani. Akauliza hizo ni taa gani. Mlinzi akamwambia ni za kuzamisha darini, daunlaiti, siku hizi kila mwenye akili anaweka hizo. Kuanzia siku hiyo globu yake ya sebuleni akawa anaiona kama mtu aliyejinyonga.

Akaweka dari la jipsamu. Fundi alikuwa Erasmo, kijana wa Kimakonde kutoka Mtama, mpole kama maji ya mtungini. Walipofika kwenye matundu Erasmo akasema, "Kaka, nunua taa kwanza. Tundu linafuata taa."

"We toboa. Taa zitakuja."

"Zipo ndogo, zipo kubwa. Ukishatoboa huzibi."

"Erasmo, unanichelewesha. Chukua ule mfuniko wa kopo la maziwa, zungushia kalamu, toboa. Mbona za hotelini zilikuwa kubwa hivo hivo?"

Erasmo akatoboa. Kesho yake akaondoka kwenda kwao kuokota korosho. Ndivyo Abilahi alivyokuwa tangu utoto. Hakuwa mtu wa kungoja. Hata shule aliacha darasa la sita kwa sababu kengele ya kutoka ilikuwa inachelewa.

Taa hazikuja. Pikipiki ilikufa injini, ikapona, ikafa tena. Matundu yakabaki wazi. Popo wakahamia darini, na mijusi, na jioni ukikaa sebuleni ulikuwa unasikia maisha ya watu wengine huko juu.

Sasa ule mwezi wa Shaabani, Abilahi akasoma hitma ya marehemu baba yake, kama watu wanavyowarehemu wazee wao kabla ya mfungo. Sebule ikajaa. Maalim Tawakali yupo, majirani wapo, Bi Mwahija, mama yake Nasma, ametoka Kiranjeranje kwa ajili hiyo. Dua ikaisha, masinia ya pilau yakaletwa, watu wakaosha mikono. Popo mmoja huko juu akaona hapo ndo pa kujisaidia. Tone likaanguka katikati ya sinia la wazee, juu kabisa ya mnofu.

Mzee mmoja akasema "Inna lillahi." Nasma alikuwa mlangoni na jagi la maji. Akasema, bila hata kupandisha sauti:

"Msameheni jamani. Mume wangu alitoboa mbingu, ila nyota zikamwishia."

Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Hata Maalim alishika kanzu yake mdomoni. Abilahi damu ikampanda kichwani, ikamfika kwenye ulimi, na ulimi wake ndo ulikuwa ugonjwa wake wa siku zote.

"Sikilizeni wote!" akasema, amesimama. "Mwezi wa Ramadhani usiandame kabla taa zote za dari hili hazijawaka. Ukiandama taa hizi hazijawaka zote, basi huyu siyo mke wangu. Ni talaka. Mmesikia?"

Walisikia. Hakuna aliyecheka tena. Bi Mwahija aliinua mkono wake kwenye pilau, akaufuta kwa upande wa kanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

Ingekuwa ya kwanza, watu wangesema ni maneno ya hasira. Lakini Abilahi alishatoa mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya samaki aliyeungua. Ya pili hata mwenyewe hakuikumbuka vizuri, ilihusu rimoti. Mara zote mbili Nasma alifunga nguo zake akaenda kwa mama yake, na mara zote mbili eda haijaisha Abilahi akaenda Kiranjeranje na gunia la mchele na meno yote nje, akamrejea. Ya tatu hairejewi. Ya tatu ni mpaka mwanamke aolewe na mwanaume mwingine, akae naye, aachike. Hilo hata mtoto wa chuoni analijua.

Wageni walipotawanyika Abilahi akamfuata Maalim Tawakali barazani.

"Maalim, mimi nilikuwa nazungumzia taa tu. Mke sikumkusudia."

Maalim alikuwa anatafuta kiatu chake cha kushoto. "Ulitaja taa?"

"Nilitaja."

"Ukataja talaka?"

"Si ilikuwa hasira, Maalim."

"Kwani watu wanaacha wake zao kwa furaha?" Akakipata kiatu. "Fundo umelifunga kwa mdomo wako mbele ya watu, mimi siwezi kukufungulia. Washa taa, mwanangu. Zote. Mwezi ukikuta zinawaka, mkeo mkeo. Ukikuta giza, usinitafute."

Ndo maana siku ile ya stuli Abilahi hakuwa na pa kukasirikia. Taa ikabaki imezama darini, na yeye akachukua funguo za pikipiki.

Alizunguka Nangurukuru duka kwa duka. Wakamwonyesha taa zilezile za jicho la ngisi. Wakamwonyesha za mraba, akasema tundu langu la duara. Muuzaji mmoja akamwambia, "Toboa lingine la mraba." Abilahi akamwangalia mpaka yule akarudi nyuma ya kaunta. Mwisho akampigia simu Erasmo, ambaye siku hizo alikuwa na kazi Lindi mjini.

"Kipimo cha mfuniko wa kopo?" Erasmo akauliza. "Kaka, hizo ni kubwa kweli. Huku yupo mama mmoja anaitwa Valeria, anauza vifaa vya umeme. Kama kwake hakuna, basi hakuna."

Aliondoka asubuhi mvua inanyesha. Masika yalishaanza kuonja barabara. Alipofika Kiranjeranje mvua ikapumzika kidogo, jua likachungulia, na mbele ya nyumba ya mkwewe akamwona Bi Mwahija anaegemeza godoro ukutani lipigwe na jua.

Akasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Aliendelea kulipigapiga godoro. "Taa umepata?"

"Ndo nazifuata Lindi."

"Mungu atakadiria."

Hakumwambia karibu hata ya mdomo. Wala hakumuuliza Nasma hajambo. Abilahi akasema moyoni, huyu mama bado ana kinyongo cha pilau, akapiga kiki akaendelea.

Valeria alikuwa mama wa makamo, ana miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Abilahi akamwekea mfuniko wa kopo la maziwa juu ya kaunta. Yule mama akautazama mfuniko, akamtazama yeye.

"Ulitoboa kabla hujanunua."

"Mama, usinianze. Njia nzima nimekula mvua."

"Sikuanzi. Wako wengi, ila wengi wanatoboa vidogo, vidogo unaongeza." Akashusha maboksi mawili, akazitoa taa, akampa moja kila mkono. "Pima kwanza kwa mkono. Unaona?"

Ya kulia ilikuwa nzito, mgongo wake wa aluminiamu una mbavu mbavu. Ya kushoto ilikuwa kama mfuniko wa ndoo.

"Hiyo nzito inatoa joto lake nje kwa huo mgongo," Valeria akasema. "Hiyo nyepesi joto linabaki ndani, inajipika yenyewe. Kiboksi chake hiki cha kupunguzia umeme nacho chepesi. Umeme ukipanda ukishuka, ndo kinakuwa cha kwanza kufa."

"Mbona maboksi yote yameandika wati sawa?"

"Boksi halina aibu, mwanangu. Utaandika chochote juu ya boksi likubali."

"Bei?"

Akamtajia. Hela aliyokuwa nayo Abilahi ilitosha nzito tatu, au nyepesi zote nane na mafuta ya kurudia. Akasimama pale, nzito mkono huu, nyepesi mkono huu, kama mizani mbovu.

"Hizi nyepesi zinadumu?"

"Inategemea unataka zidumu mpaka lini."

"Mpaka mwezi uandame."

Valeria akaivaa miwani yake. Alimwangalia muda, halafu akasema, "Mpaka hapo zitafika," na hakuuliza tena.

Abilahi akapiga simu nyumbani.

"Nimezipata, Nasma! Zinaenea kwenye tundu, na bapa kama ulivyosema."

"Njano tupu?"

"Za njano tupu zipo, nzuri hasa, ila nazipata tatu."

"Nunua hizo tatu."

"Tatu halafu? Si niliapa zote? Hizi zingine ni za rangi tatu. Ukiwasha nyeupe, ukizima ukawasha njano, ukizima ukawasha rangi ya katikati. Yaani umenunua taa moja umepata tatu."

"Za rangi tatu sitaki."

"Si utaiacha kwenye njano?"

"Nimesema sitaki, Abilahi. Zina mambo mengi. Tafuta njano tupu, bapa, nane. Huna, rudi."

Simu ikakatika. Na Abilahi, badala ya kukasirika, akajikuta anatabasamu mbele ya rafu za waya. Alikuwa amepata wazo, na lilimwingia joto kama chai. Mwanamke anayetaka kuondoka hachagui taa. Hashughuliki na njano iliyotulia. Anayechagua taa anajiona amekaa chini yake, anashona, anakuna nazi, anazeeka. Anavyodeka hivi, alijiambia, ndo ananiambia nisimwache.

"Nipe hizi nyepesi," akasema. "Nane."

Valeria akazifunga kwenye mfuko. "Sikiliza. Ukizima na kuwasha, fanya taratibu. Ukiharakisha zinapotezana, kila moja inashika rangi yake, na hizi za bei rahisi zikishapotezana kuzikusanya tena ni kazi."

"Mimi siharakishi," akasema Abilahi, mguu mmoja ushatoka dukani.

Erasmo alikubali kuja naye. Akampakia nyuma na begi la vifaa, taa kazifunga kwa kamba kifuani kwake mwenyewe, wakarudi siku ya ishirini na tisa ya Shaabani. Mwezi ungeweza kuonekana jioni ile, ungeweza kusubiri hadi kesho yake. Hakuna aliyekuwa na hakika, na Abilahi hakutaka kubahatisha na mwezi.

Nasma aliwapokea mlangoni, akamuuliza Erasmo hali ya nyumbani, akaingia chumbani akarudisha mlango. Abilahi alikwenda jikoni kumchotea fundi maji, akaona rafu ya sufuria ina sufuria moja tu.

"Nasma! Sufuria ziko wapi?"

"Nimemwazima mama," sauti ikatoka chumbani. "Kwa ajili ya futari."

"Zote?"

"Ana watu wengi mwaka huu."

Akashika bilauri yake ya maji akarudi sebuleni. Alikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa mbaya. Jipsamu ilikunywa unyevu wa mvua mbili. Taa hizi hushikwa na vispringi viwili, ubavu huu na huu, vinabana kingo za tundu. Erasmo akiviachia vibane, kingo zinamegeka kama mkate wa juzi, taa inaning'inia kwa waya wake.

"Kaka, hili dari limechoka."

"Usiseme limechoka. Sema tufanyeje."

"Tuweke vibao kwa juu, vispringi vishike mbao."

"Weka."

Akapasua ubao wa kitanda kibovu kilichokuwa uani. Erasmo kichwa ndani ya dari, anakohoa vumbi la popo, Abilahi chini anampa kibao, anampa msumari, anampa taa, na kila baada ya muda anatoka nje kutazama jua liko wapi. Wingu lilikuwa limetanda upande wa magharibi, lakini halikuziba lote. Chini kidogo, karibu na bahari, palikuwa na mwanya mwembamba umeachwa wazi, safi kabisa, kama mtu kaufuta kwa kitambaa. Watoto walishaanza kukusanyika kule ng'ambo ya msikiti na madebe yao.

Taa ya mwisho ikakaa. Erasmo akashuka, uso mweupe pe wa vumbi. "Washa."

Abilahi akabonyeza swichi. Taa saba zikawaka nyeupe. Ya nane, ile ya karibu na dirisha, giza.

"Erasmo!"

"Waya umelegea. Subiri."

"Nisubiri nini? Jua linazama!"

"Zima basi nipande, utanichoma."

Abilahi akazima. Erasmo akapanda, akashika, akasema jaribu. Akawasha, saba. Akazima. Jaribu. Saba. Nje mtu alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti cha msikiti, anajiandaa kuadhini, na Abilahi alipokisikia kile kikohozi mkono wake ukaacha kumsikiliza. Akawa anabonyeza washa zima washa zima washa zima kama anayemkanda moyo mtu aliyezama.

"Kaka, taratibu!"

Ikawaka. Ya nane ikawaka. Zote nane zikawaka, na Abilahi akaondoa mkono kwenye swichi kama imemuunguza. Akakimbilia mlangoni. Maalim Tawakali alikuwa anapita kwenda msikitini, udhu wake bado unadondoka kwenye ndevu.

"Maalim! Ingia uone! Kabla ya adhana, ushuhudie!"

Maalim hakuingia. Alisimama kizingitini, akanyoosha kidole, akahesabu kimoyomoyo. Taa tatu zilikuwa nyeupe, nne njano, na moja ilikuwa na rangi ya chai iliyorudiwa majani. Hakuna mbili zilizokaa pamoja zilizofanana. Akafika ya nane akashusha kidole.

"Zimewaka zote," akasema. "Ndoa yako ipo, kama ulivyotaka." Akaendelea na safari yake.

Erasmo akakusanya vifaa, akasema anaenda kutafuta pa kuoga na kula kabla migahawa haijajaa. Abilahi alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Hakumbuki alimwambia nini. Halafu akabaki peke yake katikati ya sebule, shingo juu, mdomo wazi, na kwa dakika ile moja, sitakudanganya, alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pwani ile.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Nasma akatoka. Alikuwa amevaa buibui na viatu vya safari, begi la zipu liko begani, limejaa mpaka limekuwa gumu.

"Unaenda wapi saa hizi? Njoo utazame. Zote nane!"

Akatazama. Aliitazama moja moja, kama Maalim, ila yeye hakuhesabu.

"Kama meno ya mtu aliyepigwa," akasema.

"Tutazinyoosha. Zimepotezana tu, ni kuzima taratibu na—"

"Nilikuwa naomba zisiwake."

Abilahi akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyesikia vizuri. "Unasemaje?"

"Nimekaa mle chumbani naomba Mungu zisiwake. Ulipoanza kupigapiga swichi nikashika begi. Nikasema zimekataa, nakwenda zangu." Hakuwa na hasira. Alisema kama anayesoma bei. "Kwani ulidhani njano tupu nataka ya nini? Nilijua Masoko haipo. Bapa, nilijua haipo. Nilikuwa nalala natafuta sharti lingine la kukupa. Hujawahi kumaliza kitu, Abilahi. Shule hukumaliza. Choo mpaka leo mlango ni gunia. Nikasema na hili halimalizi. Ukaenda mpaka Lindi kwenye mvua. Miaka yote ile, ndo umekuja kulimaliza hili."

"Si ungesema unataka kuondoka?"

"Nimwambie nani? Nimeshakwenda kwa mama mara mbili, mara mbili amenirudisha kwako kwa gunia la mchele. Safari hii kaniambia, ukija na ya tatu mlango uko wazi, chumba kipo. Ukija mikono mitupu, kwamba umemkimbia mume, rudi ulikotoka, sitaki kusemwa. Ndo maana godoro kalianika. Sufuria zangu ziko kule."

Abilahi akaliona godoro limeegemea ukuta, na mkono wa Bi Mwahija unalipiga. Taa ya karibu na dirisha ikafanya kama inakonyeza, ikatulia.

"Nikajua unachagua," akasema. "Nikajua unachagua taa za kukaa."

"Basi iseme," Nasma akasema.

"Niseme nini?"

"Unaijua. Mbili za kwanza uliziweza. Moja kwa samaki, moja kwa rimoti. Hii nakuomba mwenyewe, kwa heshima, hatugombani. Iseme niende, nikifika Nangurukuru sitakosa gari."

Abilahi akafungua mdomo. Ule ulimi uliokuwa hauna breki, uliomfukuzisha kijiweni, uliowahi kumtukana trafiki mchana kweupe, sasa ukalala chini kinywani kama kipande cha nyama mbichi. Alimwona Nasma yuko Kiranjeranje anakaa eda. Akaiona eda inaisha. Akamwona mtu mwingine, hana sura, anamwekea mwavuli. Akajaribu tena. Alichotoa ni pumzi tu.

Hapo nje kelele zikalipuka. Madebe, filimbi, watoto wanakimbia mtaani: "Umeandama! Umeonekana! Umeandama!" Jirani akapiga kelele kumwambia mkewe aloweke kunde. Kipaza sauti cha msikiti kikaanza kutangaza mfungo.

Nasma alisubiri mpaka watoto wakapita, mpaka debe la mwisho likasikika mbali. Mdomo wa Abilahi ulikuwa bado wazi kidogo. Akaufunga.

Nasma akashusha begi begani, akaliweka juu ya kochi, chini ya taa mojawapo nyeupe. Akasogea kwenye swichi. Akazima, akangoja, akawasha, taratibu kabisa, kama Valeria alivyoelekeza bila yeye kuwepo. Zilizokuwa nyeupe zikawa njano, za njano zikawa za chai, ya chai ikawa nyeupe. Akazima, akawasha tena. Zikabadilishana tena, kila moja na njia yake. Akaziacha hivyo.

"Daku utakula nini?"

"Chochote," Abilahi akasema.

"Sufuria iko moja tu."

Akageuka, akaenda jikoni, na huko jikoni hakuwasha taa.